Hivi "Savei" ni nani? Vituo na barabara za Dar zilizobeba majina ya shule na waliosoma huko

#1 Mtoto wa Sinza
Wakuu, habari za jioni.

Jana nimepanda daladala na mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Songea. Yuko darasa la tano, mdomo hauna breki. Konda akaanza wimbo wake: "Mwenge, Mlimani City, Savei, Chuo, twende twende." Mtoto akanivuta shati: "Mjomba, Savei ni nani?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba Savei alikuwa mzungu mwenye shamba la mkonge pale zamani. Ndivyo marehemu baba alivyokuwa akituambia. Mzee mmoja kiti cha mbele akageuka, akanitazama juu ya miwani, akatikisa kichwa, akageuka tena mbele. Hakusema neno. Nimelala vibaya.

Naomba msaada. Savei ni nani, au ni nini? Na kama kuna vituo vingine ambavyo majina yake yana historia, leteni.

#2 Konda Mstaafu
Savei ni kituo. Ukilipa nauli unashushwa. Uzi ufungwe.

#3 Binti Upanga
Mzungu wa mkonge 😂😂 Mtoto wa Sinza umenimaliza.

Mkuu, hilo ni neno la Kiingereza, "survey", yaani upimaji. Mambo ni yaleyale ya Carrier Corps kuwa Kariakoo. Mama yangu anasema enzi hizo kuwa na kiwanja kilichopimwa ilikuwa heshima, sasa waliojenga pale wakawa wanajitapa "mimi nakaa kwenye savei". Wengine walikuwa kwenye viwanja vya kujikatia. Basi, jina likabaki.

#4 Mzee wa Bikoni
Mleta mada, aliyekutikisia kichwa si mimi, ila ningekuwepo ningetikisa vilevile.

Binti Upanga umekaribia lakini hujafika. Jina limetoka kwenye shule. Mwaka 1956 ilianzishwa shule ya kufundisha mafundi wa upimaji ardhi, na ilianzia Mgulani, pale penye kambi ya Jeshi la Wokovu. Mwaka 1958 ikahamishiwa ilipo sasa. Watu hawakuwa na muda wa kutamka jina refu la Kiingereza, wakabaki na kipande kimoja: Savei. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 ikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu Ardhi. Jina la shule limebadilika mara tatu, kituo kimegoma.

Mimi nimesoma pale miaka ya sabini. Tulikuwa tunaamshwa alfajiri, tunabeba teodolaiti, kile chombo cha kupimia pembe, ndani ya sanduku lake la mbao kama tumebeba mtoto mchanga, kwa sababu ukiidondosha wewe na chuo basi. Kulikuwa na sababu ya kuwahi. Jua likishapanda, hewa juu ya ardhi inacheza, ile fito nyekundu na nyeupe unayoilenga kwa mbali inakuwa kama nyoka majini, hupati pembe ya maana. Kufika saa tano mwalimu anasema fungeni, twendeni tukapige hesabu.

#5 Mtoto wa Sinza
Mzee wa Bikoni shikamoo. Kwa hiyo baba alitulisha mkonge miaka yote hiyo?

#6 Mzee wa Bikoni
Marahaba. Baba yako alikuwa hadanganyi, alikuwa anajibu. Watoto wakiuliza lazima wajibiwe.

#7 Msomi wa Mlimani
Naheshimu maelezo ya mzee lakini naomba kupishana naye kidogo. Kile kilima ambacho leo tunakiita Mlimani kilijulikana kama Observation Hill kabla chuo kikuu hakijajengwa. Kilima cha kutazamia. Nani anapanda kilimani kutazama kama si mpimaji? Kwa hoja yangu, kazi ya upimaji ilikuwepo pale kwanza, ikazaa jina, na shule ikaja kukaa penye jina lake. Si shule iliyozaa jina.

#8 Mzee wa Bikoni
Kijana, kutazama kuna wengi. Askari hutazama, mwindaji hutazama, hata anayesubiri meli hutazama. Nionyeshe mtu aliyeita pale Savei kabla ya 1958 nitanyamaza. Na ninyi wa chuo kikuu mmehamia mlimani mwaka 1964. Mlitukuta. Wageni hawamwelezi mwenyeji jina la kijiji.

#9 Konda Mstaafu
Hapo #8 mzee kapiga kengele.

#10 Jirani wa Sikinde
Kabla hamjaendelea kugombana, tukumbushane kwamba hata hilo "Mlimani" limezaa watoto wengi. Mlimani City imefunguliwa 2006, vijana wa leo wanadhani chuo ndicho kilichopewa jina la maduka. Nimeshuhudia binti anamwelekeza mwenzake kwa simu: "Kile chuo cha Mlimani City." Nikasema Mungu wangu.

Na muziki je? Mlimani Park, Sikinde ngoma ya ukae, tangu 1978. Bendi ilichukua jina la baa, baa ikachukua la kilima.

#11 Binti Upanga
Jirani wa Sikinde wewe kila uzi lazima uuingize muziki. Juzi kwenye uzi wa bei ya saruji umeweka Sikinde.

#12 Jirani wa Sikinde
Na wewe ulicheza.

#13 Mwanasheria Njaa
Nyongeza kwa Msomi wa Mlimani. Chuo kikuu hakikuzaliwa mlimani. Kilianza Oktoba 1961 Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi 13. Kwa hiyo "Chuo" cha kwanza kilikuwa jirani na Mnazi Mmoja. Kama makonda wa wakati ule wangekuwa na kasi ya hawa wa leo, kituo cha Lumumba kingekuwa kinaitwa Chuo mpaka kesho.

#14 Msomi wa Mlimani
Walikuwa 14, mkuu. Siyo 13.

#15 Mwanasheria Njaa
13.

#16 Msomi wa Mlimani
14. Nimesoma kwenye maandishi ya chuo chenyewe.

#17 Mwanasheria Njaa
Na mimi nimesoma kwenye maandishi ya chuo chenyewe.

#18 Konda Mstaafu
Wanasheria wote hao na kuhesabu hawajui. Kumi na nne ni pamoja na mwalimu.

#19 Temeke Ndani
Habari wakuu. Kwetu kuna kituo kinaitwa Uhasibu, Barabara ya Kilwa, kwa sababu ya chuo cha uhasibu. Nimekulia hapo. Mpaka nafika darasa la nne nilijua uhasibu ni mahali, kama vile Mtoni au Keko. Mwalimu akauliza darasani, nani anataka kuwa mhasibu? Nikanyoosha mkono nikasema mimi tayari, nakaa huko. Darasa zima lilicheka, na jina "Mhasibu" nikabaki nalo. Leo nauza vipuri vya pikipiki, lakini wale wa zamani wakipita dukani wananiita Mhasibu.

Nenda Chang'ombe, utakuta Veta, chuo cha ufundi stadi. Njoo mjini kwenye mwendokasi, kuna kituo cha DIT. Hicho nacho ni shule ya zamani: ilianza 1957 kama chuo cha ufundi, ikawa taasisi mwaka 1997. Baba yangu mdogo mpaka leo anasema "nishushe Teknikal" na makonda wa siku hizi wanamshangaa.

#20 Mama Ferry
Mnasahau Kivukoni College. Kilianzishwa 1961, kinaitwa Kivukoni, na kiko Kigamboni! Ng'ambo ya maji. Mwaka wa kwanza nilipopata nafasi pale nikitokea Singida niliambiwa kwa simu "njoo Kivukoni". Nimeteremka Kivukoni upande wa mjini na sanduku la bati kichwani, nimezunguka soko la samaki nikiuliza chuo kiko wapi. Wauza pweza wananielekeza kwa kidole, wanaonyesha baharini. Nikajua wananicheka. Kumbe wananielekeza kweli, jengo liko ng'ambo naliona kwa macho yangu.

Siku hizi kimebeba jina la Mwalimu Nyerere, lakini sisi wa zamani ni Kivukoni tu.

#21 Konda Mstaafu
Mama Ferry pande zote mbili za maji ni kivukoni. Kivuko hakina upande mmoja.

#22 Mama Ferry
Ungenambia siku ile nina sanduku kichwani.

#23 Milambo
Mada inasema shule na waliosoma huko. Basi wacha sisi wa Tabora tuingie, mtatusamehe kwa majivuno. Ukitua Dar kwa ndege, uwanja ni wa Nyerere, aliingia Tabora mwaka 1937. Ukitoka uwanjani unashika Barabara ya Nyerere. Ukienda Kigamboni kwa gari, daraja lile lililofunguliwa 2016 ni la Nyerere. Ukikata kwenda Ilala mpaka Kinondoni uko Barabara ya Kawawa, na Kawawa naye ni wetu. Yaani mtu anaweza kuzunguka Dar nzima hajatoka nje ya geti la Tabora Boys.

#24 Pugu Kajiungeni
Milambo punguza. Hiyo Barabara ya Nyerere unayojivunia iliitwa Barabara ya Pugu. Na Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, St. Francis, mpaka alipoacha kazi 1955 kwa ajili ya TANU. Hilo "Mwalimu" mnalomwita lilishika chokaa kwetu. Kwa hiyo barabara ya kwenda shuleni imepewa jina la mwalimu wa shule ileile. Mmechukua mwanafunzi, sisi tumechukua mwalimu.

Halafu tuna uwanja wa mpira. Mkapa alipita Pugu. Tangu 2020 ule Uwanja wa Taifa ni wa Benjamin Mkapa. Watu elfu 60 kwa mkupuo. Tabora mna uwanja gani Dar?

#25 Milambo
Uwanja wa ndege.

#26 Konda Mstaafu
🤣🤣🤣 Nimekaa chini.

#27 Umbwe Road
Sisi wa Umbwe tuko wachache lakini Sokoine Drive inapita mbele ya bandari. Sokoine alisoma Umbwe. Tunapakana na bahari, hatuna foleni ya Tazara. Asanteni.

#28 Binti Upanga
Wanaume mnagawana barabara kama nyama ya Idi. Wasichana je? Bibi Titi Mohamed ana barabara, ndiyo, na kabla yake ile barabara iliitwa UWT, jina la wanawake wote kwa pamoja. Baada ya yeye mnanitajia nani? Zanaki, Jangwani, Kisutu, shule hizo zimetoa wanawake wangapi? Nasubiri mnitajie mtaa.

(Nasubiri. Naona "Milambo anaandika..." tangu dakika kumi.)

#29 Mnyama wa Kariakoo
Nami nina wangu. Shaaban Robert. Mtaa wake uko pale Makumbusho ya Taifa, na shule yenye jina lake iko Upanga. Lakini yeye mwenyewe alisoma wapi Dar? Shule ya Msimbazi, 1922 mpaka 1926. MSIMBAZI. Mfalme wa lugha yetu ni mtu wa Msimbazi. Sitaki kusema zaidi, wenye akili wameelewa.

#30 Twiga na Jangwani
Nilijua tu. Uzi wa historia umegeuzwa kijiwe cha Simba. Ndugu yangu, 1922 hiyo Simba ilikuwa haijazaliwa hata kwa jina la kwanza. Msimbazi ni bonde na ni mto, hauna kadi ya uanachama.

#31 Mnyama wa Kariakoo
Na Jangwani ni nini? Ni bonde lilelile, tofauti nyie wa Yanga mnakaa panapofurika.

#32 Mtoto wa Sinza
Wakuu jamani, mpwa wangu anasoma hapa pembeni yangu. Anauliza Savei imefikia wapi.

#33 Mjukuu wa Kijitonyama
Turudi kwa Savei. Babu yangu, dereva wa serikali mstaafu, ana maelezo ya tatu (au ya nne, sijui tumefika ngapi). Anasema yeye alikuwa akipeleka watu kazini, na "Savei" kwao madereva ilikuwa ni nyumba. Nyumba za watumishi wa upimaji. Ukiandikiwa kwenye kitabu cha safari "chukua afisa Savei" unakwenda kwenye nyumba, siyo shuleni. Shule wao waliiita "Chuoni Ardhi". Nimemsomea #4 yote, akasema huyo mzee alikuwa mwanafunzi, mwanafunzi anajua darasa tu, dereva anajua mji.

#34 Mzee wa Bikoni
Msalimie babu. Mwambie hizo nyumba zilijengewa watu gani? Walimu wa shule. Kwa hiyo tunarudi palepale. Na "Chuoni Ardhi" ni jina la baada ya 1972, kwa hiyo babu ameanza kazi juzi.

#35 Mjukuu wa Kijitonyama
Nimemsomea. Amecheka mpaka akakohoa. Anasema ameanza udereva 1961 na yuko tayari kukutana na wewe popote isipokuwa Savei.

#36 Ubungo Maji
Hii inanikumbusha kwetu. Ubungo Maji. Nusu ya watu wanasema ni kwa sababu ya Wizara ya Maji kuwahi kuwa Ubungo, nusu wanasema ni kwa sababu ya Chuo cha Maji. Mke wangu yuko kundi la wizara, mimi la chuo, tuna miaka kumi na moja ya ndoa. Na Sayansi pale Kijitonyama wengi wanadhani kulikuwa na shule ya sayansi, kumbe ni Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwa hiyo tusikimbilie kusema kila jina la kisomi ni shule.

#37 Temeke Ndani
Ubungo Maji na maji yenyewe mnapata?

#38 Ubungo Maji
Usinichokoze.

#39 Mzee wa Bikoni
Nilitaka kuondoka lakini kuna jambo Binti Upanga amelisema #28 limenigusa, na Milambo na Pugu wamelizunguka bila kuliona.

Sisi wa Savei hatuna barabara hata moja yenye jina la mtu wetu. Hakuna mtaa wa mpimaji fulani. Lakini hizo mnazogombania zina mstari kwa sababu kuna mtu aliuchora juani. Mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya sabini, ule wa fedha za Benki ya Dunia, ndio uliotoa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Nimeshika fito Sinza nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Kulikuwa na minazi, miembe, mashamba ya mihogo, na bibi mmoja kila siku anatuuliza kama tunatafuta madini. Tukichimba shimo la bikoni anakuja kuchungulia. Tukiweka chuma, tukamwaga zege, anasikitika: "Mnazika tu?" Mtoto wa Sinza, jina lako hapa lisingekuwepo bila lile shimo.

#40 Mtoto wa Sinza
Mzee, nina swali. Bikoni inafananaje? Kwa sababu nyuma ya jiko la mama, kwenye kona ya ukuta, kuna kitu kama kichwa cha zege kimetokeza, kina chuma katikati, mama anakitumia kunolea kisu.

#41 Mzee wa Bikoni
Mwambie mama aache mara moja.

#42 Binti Upanga
😂😂😂😂

#43 Mzee wa Bikoni
Sicheki. Ndiyo hiyo. Ukikifuta utaona pengine herufi na namba zimechorwa kwenye zege lilipokuwa bichi, kama hazijalika. Hiyo ndiyo kona ya kiwanja chenu. Ikihama nusu mita, jirani anahama nusu mita.

#44 Mbezi kwa Mama
Mzee yuko sahihi, na mimi ni shahidi. Sisi tulikuwa na mgogoro wa ukuta na jirani miaka sita. Vikao kwa mwenyekiti wa mtaa havihesabiki, soda zimenywewa kreti. Siku moja mvua kubwa ikapita, ikachimba pembeni mwa mfereji, bikoni ikajitokeza yenyewe. Ilikuwa ndani ya banda la kuku la jirani, hatua mbili kutoka ukutani. Tukaitana wote, tukasimama tunaitazama, kuku wanazunguka miguuni, hakuna anayesema kitu. Jirani akasema, "Basi, karibuni chai." Tukanywa. Ukuta ulivunjwa wiki iliyofuata, na banda pia.

#45 Mjukuu wa Kijitonyama
Babu ameomba nimsomee #39 mara mbili. Amesema anamkumbuka yule bibi wa Sinza. Sijui kama ni kweli au anataka urafiki.

#46 Mzee wa Bikoni
Muulize alikuwa anavaa kanga ya rangi gani.

#47 Mjukuu wa Kijitonyama
Amesema kaniki.

#48 Mzee wa Bikoni
Hm.

#49 Msomi wa Mlimani
Bado nasimama na Observation Hill. Na bado walikuwa 14.

#50 Mtoto wa Sinza
Nawashukuru wote. Leo asubuhi nimempeleka mpwa stendi. Njiani tumepita palepale, konda akaita Savei, mtoto akamwambia kwa sauti ya gari zima kwamba hiyo ni shule ya mwaka 1956 iliyotoka Mgulani. Konda akamtazama, akanitazama, akasema: "Dogo, unashuka au hushuki?"

Kisu cha mama nimekihamishia kwenye ngazi ya jikoni.

#51 Afrikasana Kwetu
Nimechelewa. Uzi mzuri. Naomba kuuliza, Sinza Mori, huyo Mori ni nani?

#52 Konda Mstaafu
Mzungu wa mkonge.